Mwenye Fagio Barabarani Ana Haki Juu Yetu



Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunakusudia kuzungumzia kazi ambayo wengi wetu huiona kila asubuhi na wachache huifikiria: kufagia barabara za mji. Mfano wetu ni Manispaa ya Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, mji ambao wenyeji hulifasiri jina lake kuwa ni amri ya kutupa uchawi. Swali letu ni jepesi: tukishatupa taka zetu, nani huziokota, naye ana haki gani kwetu?

Sumbawanga ipo juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mvua zake ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo huja kiangazi, chenye baridi kali Juni na Julai, kisha upepo na vumbi. Mwenye fagio huingia barabarani alfajiri katika baridi hiyo, na akimaliza huwa amevuta vumbi ambalo sisi tumeepushwa nalo.

Kazi hiyo si urembo wa mji tu. Mwaka 2008 Tanzania na Marekani zilitia saini mkataba wa msaada wa Changamoto za Milenia, na kutokana na fedha hizo barabara ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ikawekwa lami. Ni neema, na kila neema ina wajibu wake. Lami ya mjini hupakana na vichochoro vya udongo. Magurudumu na maji ya mvua huleta mchanga juu yake. Mchanga usipozolewa, pikipiki huteleza. Ukiingia mtaroni pamoja na mifuko na chupa, mtaro huziba, maji hupanda barabarani, hupenya chini ya lami na kulainisha msingi wake. Hapo ndipo shimo huzaliwa. Koleo la mchanga linalozolewa Oktoba, kabla ya mvua, huokoa gharama kubwa ya Machi.

Tena maji hayo hayaishii mjini. Huteremka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Mwaka 2018 wagonjwa wa kipindupindu waliripotiwa katika bonde hilo. Hatusemi kwamba fagio peke yake huzuia maradhi hayo. Maji salama na vyoo ndiyo nguzo. Lakini mvua hubeba kila kilichoachwa njiani, na jirani wa bondeni ni jirani.

Dini yetu imekwisha kulisemea jambo hili. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba imani ina matawi mengi, na la chini yake ni kuondoa kinachoudhi njiani. Wamepokea pia kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) habari ya mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Alipofariki, watu walimzika bila kumjulisha Mtume, kana kwamba ni jambo dogo. Mtume alipoulizia na kuambiwa, aliwalaumu kwa kutomjulisha, kisha akataka aonyeshwe kaburi na akamswalia. Tujiulize: je, tungetambua iwapo yule anayefagia mbele ya duka letu hakuja kwa wiki nzima?

Mwaka 2015 Rais John Magufuli aliagiza Siku ya Uhuru, Desemba 9, itumike kwa usafi, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Ni jambo jema. Hata hivyo, siku moja ya watu wengi haichukui nafasi ya mtu mmoja wa kila siku. Katika miji yetu mingi kazi hii hupewa wazabuni au vikundi, na wafanyakazi wengi ni kina mama. Mafundisho ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka yanamhusu mzabuni wa taka kama yanavyomhusu tajiri wa shamba. Glovu, viatu, barakoa na vazi linaloonekana na madereva si hisani, ni haki.

Na sisi wengine? Mwenye duka asifagie uchafu wa mlangoni na kuusukumia mtaroni. Huko ni kuuhamisha, si kuuondoa. Maganda na majani ya sokoni yatengwe na plastiki. Wafipa ni mabingwa wa zamani wa kufukia majani katika matuta ili yarutubishe shamba, na elimu hiyo ingali na faida. Kamati za misikiti nazo zipange siku ya kuzibua mitaro ya jirani kabla ya Novemba. Mwisho, tukimkuta mwenye fagio, tumtolee salamu kwanza. Kurudisha salamu na kuzuia maudhi vyote vimetajwa miongoni mwa haki za njia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuondoa maudhi njiani, si wenye kuyaweka, na awalipe kheri wale wanaotusafishia njia tungali usingizini. Amin.