MOYO ULIOELEMEWA: UKILI NA KALAMU NAVYO NI MSAADA



Mama mmoja wa hapa Buguruni alikuja kwangu mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio, usingizi hapati. Nilimpima malaria, hana. Presha ilikuwa ya kawaida. Mara zote tatu nikampa dawa ya maumivu, akaenda zake. Mara ya nne ndipo nikamuuliza, "Mama, nyumbani kuna nini?" Akalia. Mwanawe alifariki kwa ajali ya bodaboda, na tangu arobaini ipite hakuna aliyelitaja tena jina lake mbele yake. Majirani walisema ana jini.

Kosa lilikuwa langu. Nilipima damu, hali ya moyo sikuiuliza.

Ndugu msomaji, huzuni si upungufu wa imani. Surat Yusuf inatueleza kuwa Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika kwa kumkosa mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii mwenye subira. Huzuni ikifungiwa ndani, mwili nao huugua.

Itoke vipi? Kwanza kwa swala na dua, kisha kwa kuzungumza na mtu unayemwamini. Lakini wapo ambao mdomo haufunguki. Hao husaidiwa na kazi za mikono na kalamu: kusuka, kudarizi, kuchora, kuandika khati, kutunga mashairi. Mikono ikirudia jambo moja kwa utulivu, pumzi hutulia, na akili hupata pa kushika badala ya kuzunguka kwenye wazo lile lile.

Kwetu jambo hili si geni. Mwana Kupona binti Msham, wa visiwa vya Lamu, alitunga utenzi wake mashuhuri mwaka 1275 Hijria (1858) akiwa mgonjwa, akimuusia binti yake. Ndani yake mna nasaha, na mna dua ya kuomba afya. Alifariki miaka michache baadaye. Kutunga hakukumwondolea maradhi, lakini yaliyokuwa moyoni mwake aliyapatia pa kuyaweka.

Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walichapisha utafiti juu ya wanafunzi walioandika kwa dakika 15, siku 4 mfululizo, kuhusu mambo yaliyowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda kwa daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata, kuliko walioandika mambo ya kawaida. Lakini mara tu baada ya kuandika walihuzunika zaidi, kwa hiyo likikupata hilo usishtuke.

Basi fanya hivi:

1. Chagua kazi unayoijua tangu utotoni. Ifanye nusu saa kila siku, kwa mfano baada ya Alasiri. Haihitaji kupendeza.

2. Andika linalokuumiza. Si lazima mtu asome. Ukitaka, chana karatasi.

3. Kaa na wenzako kibarazani. Mikono ikishughulika, mazungumzo huja yenyewe.

Hata hivyo, hii haishiki nafasi ya matibabu. Anayetaka kujidhuru, anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au aliyeacha kula, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Muhimbili ipo idara ya afya ya akili. Na anayetumia dawa za akili asiziache kwa sababu ameanza kudarizi.

Mama yule alilelewa kwenye kusuka ukili. Tuliendelea kuzungumza kila wiki, naye akanunua miyaa akaanza tena. Majirani wawili wakaja kusuka naye, na siku moja mmoja wao akamuuliza kuhusu marehemu. Sisemi ukili peke yake ndio uliomsaidia. Ila leo analala, alhamdulillah, na mkeka ule ameutoa sadaka madrasa aliyosoma mwanawe.

Jirani yako aliyefiwa, mara ya mwisho ulimuuliza lini?

Wabillahi tawfiq.