Udongo Hauokolewi kwa Amri

Katika miaka ya thelathini, wataalamu wa serikali ya kikoloni ya Kenya waliitazama Wilaya ya Machakos wakakata tamaa. Vilima vilikuwa vipara, makorongo yalikuwa yamepasua malisho na mashamba, na kila mvua iliponyesha mito ilijaa maji mekundu. Wekundu ule ulikuwa ni udongo wa juu, ambao ndio unaolisha mimea, ukienda zake usirudi tena. Mwaka 1932 wilaya hiyo ilikuwa na watu wapatao 240,000, na ilidhaniwa kwamba hata hao ardhi yao haitawatosha.

Mwaka 1990 watu hao walikuwa wamefikia karibu 1,400,000. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba mashamba mengi yalikuwa yamejengwa matuta, miti ilikuwa imeongezeka, na mazao yaliyopatikana kwa kila mtu yalizidi yale ya miaka ya thelathini. Yafaa basi kuuliza ni jambo gani lililobadilika.

Wakoloni waliuona ugonjwa, bali walikosea dawa. Wakamba walikuwa wamebanwa katika eneo dogo, huku ardhi ya kando yake ikitengewa walowezi. Kisha wakalaumiwa kwa kuwa na ng'ombe wengi. Mwaka 1938 ng'ombe wao walikamatwa na kuuzwa kwa nguvu. Zaidi ya watu elfu moja, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi na kukaa huko majuma kadhaa. Kiongozi wao alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ililazimika kuuacha mpango huo.

Tanganyika nayo iliyaona mambo ya namna hiyo. Mwaka 1955 wakulima wa milima ya Uluguru walikataa amri ya kuchimba matuta ya ngazi, na ghasia zikazuka. Wakulima hao hawakuwa wakaidi tu. Pale udongo mzuri ulipokuwa mwembamba, kuchimba kulileta juu udongo usio na rutuba.

Huko Machakos mambo yaligeuka pale mkulima alipoanza kuyaona matuta kuwa mali yake. Katika miaka ya hamsini Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, na soko la mboga na matunda likapanuka. Njia iliyoenea ni ile inayoitwa "fanya juu". Mkulima huchimba mtaro kukata mteremko, na udongo anaoutoa huutupa upande wa juu, ukawa tuta. Juu ya tuta hupanda majani ya kulishia mifugo, ambayo mizizi yake hulishikilia. Maji ya mvua hufika hapo yakasimama, yakatua udongo yaliouchukua na kuzama ardhini. Baada ya miaka kadhaa mteremko huwa ngazi zenyewe, bila kufukua shamba zima kwa siku moja.

Kazi hiyo ni nzito kwa mtu mmoja. Kwa hiyo vikundi vya mwethya, ambavyo wengi wa wanachama wake walikuwa wanawake, viliingia shamba hadi shamba, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Tangu mwaka 1974 Serikali ya Kenya, kwa msaada wa Sweden, iliongeza mafunzo na zana. Lakini majembe yalishikwa na wenyewe.

Ni dhahiri kwamba kazi hii haina mwisho. Tuta likibomoka mahali pamoja, maji ya shamba zima hupita hapo, na korongo huanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa udongo uliokwisha kwenda baharini haujengeki. Hakuna askari awezaye kulinda kila tuta katika kila mvua. Anayeweza ni mkulima mwenye hakika kwamba shamba ni lake, mwenye soko la mazao yake, na mwenye bwana shamba anayemjia kama mwalimu. Nchi itakayompa mkulima mambo hayo matatu itakuwa imeulinda udongo wake.