Nguvu ya Mchanga wa Machimbo

Sisi wa Kibati tunakaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Mvua ikinyesha, maji huzama upesi kati ya mawe. Kwa hiyo mtu wa kwetu akienda Rubaya katika Masisi, wanakochimba na kuosha koltani, aweza kudanganyika. Ataona mchanga uliooshwa umelundikwa mtelemkoni, ataukanyaga, nao haubonyei, atasema, "Hapa ni pagumu, nijenge." Asiharakishe.

Chembe za mchanga huu hushikana kwa kuegemeana na kukwaruzana, si kwa kunata kama udongo wa chungu. Zikiwa na unyevu kidogo, maji huzivuta pamoja. Lakini maji yakijaa katika nafasi zote, ndiyo yanayobeba uzito. Chembe haziegemeani tena, na lundo hutiririka kama uji. Tetemeko la nchi, nasi tunayajua sana, laweza kulifanya hivyo mara moja ikiwa mchanga umelowa na haukushindiliwa.

Mkitaka kujazia njia kwa mchanga huo, ushindilieni vema. Mwaka 1933 injinia Proctor wa Marekani alionyesha kwamba kila udongo una kiasi chake cha maji cha kuushindilia: ukiwa mkavu haushikani, ukilowa mno huponyoka. Pimeni hivi: finya konzi moja mkononi. Ukisambaa, ongeza maji; ukilowesha kiganja, uanike; ukishikamana, na ukiangushwa wavunjika vipande viwili vitatu, wafaa. Tandazeni tabaka lisilozidi shubiri moja, shindilieni, ndipo muongeze lingine. Wengi humwaga kimo cha mtu kisha hupiga juu tu. Kazi bure! Juu hukaza, chini kumelegea. Chimbeni na mfereji, maji yasisimame.

Wala msifikiri hatari hii ni ya wachimbaji wadogo peke yao. Tarehe 7 Novemba 2022, huko Mwadui, Shinyanga, katika Tanzania, ukuta wa bwawa la matope ya mgodi wa almasi ulibomoka, na matope yakafunika nyumba na mashamba. Mgodi ule ni mkubwa, wenye mitambo na mainjinia.

Basi, anayekaa chini ya lundo alitazame kila baada ya mvua. Mkiona ufa mpya juu yake, au maji ya matope yakitoka chini, msingoje asubuhi. Watoeni watoto, wazee na wagonjwa usiku huo huo, mkapande kilima cha kando; msikimbie kwa kufuata bonde.