Maharage, lengalenga na ndagala: namna ya kupanga sahani yako kati ya Muyinga na Gitega

Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Bujumbura kupitia mpaka wa Kabanga na Kobero husafiri zaidi ya kilomita 1,500. Muda mwingi anakuwa ameketi, ama kwenye usukani ama akisubiri karatasi za forodha. Chakula kinachopatikana upesi ni mishikaki ya mbuzi, ndizi za kukaanga, chipsi na soda. Akila hivyo mwaka hadi mwaka, uzito unaongezeka na hatari ya shinikizo la damu na kisukari inapanda.

Magonjwa hayo huanza kimyakimya. Mtu anaweza kukaa na presha kwa miaka bila kujua, kisha akapata kiharusi akiwa barabarani na shehena ya watu.

Hakuna chakula kimoja kinachozuia magonjwa peke yake. Kinachosaidia ni kuvichanganya vizuri, na vinavyohitajika vinauzwa katika masoko ya Muyinga na Gitega kwa bei ya kawaida.

Maharage pamoja na nafaka

Maharage yana protini, lakini yana upungufu wa sehemu moja ya protini ambayo wali na mahindi wanayo. Nafaka nazo zinapungukiwa na kile ambacho maharage yanacho. Vikiliwa pamoja vinakamilishana. Anayependa ugali wa muhogo anahitaji maharage zaidi, kwa sababu muhogo una protini kidogo sana.

Aidha, nyuzinyuzi za maharage hufanya sukari iingie katika damu polepole, na husaidia kushusha lehemu. Ndiyo maana sahani ya wali na maharage hukaa tumboni muda mrefu kuliko chipsi na soda.

Maharage pamoja na limau au chungwa

Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Burundi mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kuwa asilimia 39 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano ilikuwa asilimia 61. Malaria ni sababu mojawapo, na ukosefu wa madini ya chuma ni nyingine. Mama anayebeba mizigo sokoni kutwa nzima huku damu imepungua anachoka kabla ya wenzake.

Maharage na lengalenga vina chuma, lakini mwili hukichukua kwa shida. Vitamini C huurahisishia kazi hiyo. Kamulia limau kwenye mboga, kula nyanya mbichi pembeni, au malizia na chungwa au papai. Chai na kahawa hufanya kinyume chake, hivyo subiri kama saa moja baada ya kula ndipo unywe.

Mboga pamoja na mafuta kidogo

Vitamini A iliyomo katika lengalenga, sombe, karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa inahitaji mafuta ili mwili uipate. Kijiko kimoja cha mawese kinatosha, au kipande cha parachichi, ambalo wengi huku huliita avoka. Mawese yakizidi yanaongeza uzito. Sombe itwangwe vizuri na ichemshwe muda mrefu bila kufunika sufuria, ili sumu ya muhogo itoke.

Ndagala na chumvi

Ndagala wa Ziwa Tanganyika huliwa mzima na mifupa yake, hivyo hutoa protini na madini ya kalsiamu. Kama wametiwa chumvi, waloweke na umwage maji. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika vidonge vya mchuzi. Shirika hilo linashauri pia angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku.

Kwa vipimo vya macho: nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo maharage au samaki, na robo wali, ugali au ndizi za kuchemsha. Badala ya soda, kunywa maji salama.

Kwa wanaonunua mazao

Karanga na mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, ambayo huongeza hatari ya saratani ya ini. Kupika hakuiondoi. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu mahindi yasizidi mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na shehena inayozidi hapo inaweza kuzuiwa mpakani. Kausha vizuri, hifadhi juu ya chaga, na chambua punje mbovu kabla ya kufunga magunia. Usiwape watu wako nyumbani kile ulichokikataa kuuza.

Mwisho, chakula hakichukui nafasi ya dawa. Anayetibiwa presha au kisukari aendelee na dawa zake na amuulize mganga kabla ya kubadili mlo. Asiyejua hali yake apime katika kituo cha afya kabla ya safari ijayo, kwani kupima presha huchukua dakika chache tu.