Mwana wa Kericho, Comet ya Marekani na Volvo kuukuu

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wazee wetu. Lakini wazee hao hawakuwahi kusomewa tangazo la gari la mbio la Kimarekani la miaka ya 1960. Gari la namna hiyo, hata likiwa zuri vipi, hutembezwa kwa maneno mengi: injini ya silinda nane imetolewa ikatiwa nyingine yenye nguvu zaidi, rimu zang'aa kama kioo, viti ni vya ngozi nyekundu, na gari zima limeshushwa hata tumbo lakaribia kugusa lami. Bei huja mwisho kabisa, wakati macho ya msomaji yamekwisha pumbaa.

Huku kwetu magari hayo ni ya kuhesabu. Kenya ya leo hairuhusu kwa kawaida gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8, wala gari lenye usukani wa kushoto. Lakini miaka iliyopita magari ya Kimarekani yaliyofanyiwa ufundi wa pekee yaliteremka Afrika Mashariki, na mmoja wa madereva wake alikuwa mzaliwa wa Kericho.

Msomaji wa Pwani huijua Kericho kwa chai. Majani hukaushwa huko juu, hutiwa magunia, kisha huteremka mpaka Mombasa, ambako mnada wa chai ulihamia kutoka Nairobi mwaka 1969. Asiyefika huko hajui njia zake. Mvua hunyesha karibu kila alasiri, mara kwa mara ni mvua ya mawe, na udongo ni mwekundu, mzito. Ukitoka Kericho kwenda Litein, Sotik na Bomet kuna lami. Lakini ukiiacha lami ukaingia njia za mashambani baada ya mvua, gari huteleza kama lililopakwa samli. Na majani mabichi ya chai hayangoji. Lazima yafike kiwandani siku ile ile yaliyochumwa, la sivyo yaharibika. Kwa hiyo huko gari si pambo. Lori likikwama, kazi ya siku nzima ya mchumaji imepotea.

Ndiyo sababu mji huo ulikuwa na mafundi tangu zamani. Kalasinga, kama tulivyozoea kuwaita, walifungua karakana iliyoitwa Kericho Wagon Works, na jina lenyewe lasema kwamba ilikuwa ya magari ya kukokotwa kabla ya kuwa ya injini. Humo alifanya kazi Puran Singh, ambaye baadaye alihamia Uingereza akawa kiongozi wa dini mwenye wafuasi wengi. Hekalu kubwa la Masingasinga lililoko Kericho leo limejengwa kwa kumkumbuka.

Katika mji huo, mwaka 1932, alizaliwa Joginder Singh, mtoto wa fundi aliyetoka Punjab. Naye akawa fundi. Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akawa mtu wa kwanza wa chama hicho kupita barabarani kuwasaidia walioharibikiwa. Fikiri hilo kidogo. Mtu huyu, kabla ya kupata jina, kazi yake ilikuwa kutazama jinsi magari ya watu wengine yanavyokufa njiani. Alijua springi gani hukatika mapema na maji huingia wapi.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliuvuma sana ugumu wake. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Sifa hiyo ilifika Marekani, na kampuni ya Ford ikaamua kuleta Mercury Comet.

Comet hizo hazikuja vivi hivi. Mwaka 1963 Comet nne zilizungushwa kwenye uwanja wa mbio wa Daytona, mchana na usiku, maili 100,000 kila moja, kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Aliyekabidhiwa kuzitayarisha za Afrika alikuwa Bill Stroppe wa California, fundi mashuhuri wa magari ya mbio. Ilikuwa injini ya silinda nane, na nguvu za kutosha kuvuta jahazi. Pasaka ya 1964 wakaanza, na Joginder alikuwa mmoja wa madereva.

Comet mbili tu ndizo zilizomaliza. Joginder alifika wa 21. Mshindi alikuwa Peter Hughes, mkazi wa Kenya, ndani ya Cortina, gari dogo la Ford ya Uingereza. Hivyo mtoto wa nyumba ile ile alimpita kaka yake mwenye kifua. Daytona ni lami tupu, sawa kama sakafu. Kwenye tope nguvu nyingi huchimba shimo tu, na gari zito likizama, hata wanakijiji ishirini wenye moyo mwema hulisukuma kwa taabu. Wiki tatu baadaye, Aprili 17, 1964, Ford iliitoa Mustang, gari ambalo matangazo niliyoyataja hapo juu hayachoki kuliimba hadi leo.

Katika Safari hiyo hiyo kampuni ya Volvo ya Sweden ilileta PV544. Sura yake ilikuwa imepitwa na wakati: mgongo wa mviringo kama magari ya Kimarekani ya miaka ya 1940, silinda nne tu. Hazikufua dafu. Moja ikabaki huku, imekwisha gongwagongwa na kutumika, na Joginder akaichukua.

Yeye na mdogo wake Jaswant waliitengeneza kwa mikono yao. Ufundi wa kuligeuza gari kwa Safari haumpendezi mtazamaji: bamba zito la chuma chini ya injini ili mawe yasiipasue, springi ngumu, taa za ziada za usiku na ukungu, sepetu, kamba, magurudumu ya akiba. Baadhi ya magari ya Safari yalifungwa vishikio nyuma, ili msaidizi wa dereva adandie na kurukaruka mpaka magurudumu yashike ardhi. Hakuna hata kimoja ambacho dalali angekitaja kwa fahari.

Pasaka ya 1965 Volvo hiyo iliondoka Nairobi ikiwa na namba 1 ubavuni, ikarudi ya kwanza, imemwacha wa pili kwa zaidi ya saa moja na nusu.

Sheria yetu humtaka muuzaji aibainishe aibu ya kitu chake, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana khiari ya kukirudisha. Nakumbuka hilo kwa sababu niliwahi kununua gari kwa kupenda rangi yake. Mvua ya kwanza ilipoiosha, nikaona kwamba nilinunua pati na gazeti, na kutu katikati. Muuzaji hakusema uongo hata neno moja. Alisifu rangi, nami sikuuliza kingine. Joginder alinunua aibu mtupu, zote zikiwa wazi, na kila moja alijua dawa yake.

Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, mara zote mbili kwa Mitsubishi Lancer, akawa dereva wa kwanza kulitwaa kombe la Safari mara tatu. Aliingia mashindano hayo mara 22 akamaliza 19. Alifariki London mwaka 2013.

Ama ile PV544, kiwanda hakikungoja kuvuna sifa zake. Mwaka ule ule wa 1965, miezi michache baada ya ushindi wa Nairobi, Volvo iliacha kuiunda.