LAND ROVER YA MAREHEMU BABA ILIVUJA KILA MAHALI

Baba yangu alifariki mwaka 2019. Alituachia shamba la mahindi, mbuzi sita na gari moja kuukuu. Gari hilo ni Land Rover Series IIA. Lilitengenezwa Uingereza mwaka 1968.

Gari lilikaa bandani miaka mitatu. Kuku walitaga mayai juu ya viti. Baba mdogo alisema tuliuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mama alikataa. Wajawazito wengi wa kitongoji chetu walipelekwa zahanati usiku kwa gari hilo.

"Shemeji," mama alisema, "tukiliuza, fedha zitakwisha mwezi huu huu."

Wazee wa ukoo walikaa. Walinipa miezi mitatu. Gari lisipotengemaa, liuzwe.

Siku ya kwanza nilitia petroli lita tano. Haikupita hata robo saa, petroli ikaanza kudondoka chini ya injini. Jua lilikuwa limetua. Mdogo wangu alinihurumia, akaja na kibatari ili animulikie. Nilipiga kelele. Alisimama mlangoni pa banda, kibatari mkononi. Nilimwambia arudi nyuma pole pole. Mpaka leo nikikumbuka, miguu inaniishia nguvu.

Ndugu msomaji, petroli yenyewe unaiona. Mvuke wake huuoni. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji, ukatafuta bonde. Ukikuta moto, hata ulio mbali kidogo, moto hurudi mpaka kwenye petroli. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Morogoro. Watu walikwenda kuchota petroli. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa.

Kwa hiyo kesho yake tulilisukuma gari hadi nje, penye upepo. Nilifungua waya wa betri. Niliweka ndoo mbili za mchanga karibu. Sigara na jiko vilikaa mbali. Nilianza na petroli kwanza. Oili ikivuja inakula fedha, lakini petroli inaweza kula nyumba.

Katika Land Rover ya namna hii tangi liko chini ya kiti cha kulia. Maana yake dereva ameikalia petroli. Nilitoa kiti, nikapapasa chini ya tangi. Palikuwa na unyevu kwenye kona moja. Mafundi wetu wa vijijini hupaka sabuni ya mche mahali kama hapo. Hawakosei, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Lakini sabuni ni ya kukufikisha nyumbani tu. Maji ya mvua huiosha.

Jirani mmoja alitaka tulichomelee tangi siku ile ile. Nilikataa. Tangi lililomwagwa petroli bado limejaa mvuke. Cheche moja ya kuchomelea hulipasua kama bomu. Tulilipeleka kwa fundi wa matangi, mwenye vifaa vya kuliosha na kuondoa mvuke kabla ya kulishika.

Mipira ya petroli ilikuwa migumu kama kuni kavu. Niliikunja, ikapasuka. Nilinunua mipya. Angalia hapo: mpira wa maji haufai. Petroli huulainisha na kuuoza. Omba mpira wa petroli, pamoja na vibanio vyake.

Baada ya hapo gari liliwaka. Mama alipiga vigelegele. Tuliliendesha siku nne.

Siku ya tano baba mdogo alichomoa kijiti cha kupimia oili. Alifurahi sana.

"Mwanangu, gari hili lina baraka. Oili haipungui, inaongezeka!"

Nilicheka naye. Lakini usiku sikupata usingizi. Oili itaongezekaje? Asubuhi nilimfuata mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa magari ya serikali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umenusa kijiti?"

Sikuwa nimenusa. Tulikwenda pamoja, akanusa, akanipa. Kilinuka petroli. Oili ilikuwa nyepesi kama chai.

Mzee alinieleza. Ubavuni mwa injini kuna pampu ya petroli. Ndani yake mna kiwambo cha mpira. Kiwambo hupanda na kushuka, kikivuta petroli kutoka kwenye tangi. Kikichanika, petroli inaweza kuteremka ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Oili iliyochanganyika hivyo hailindi vyuma. Vyuma husagana. Tena mvuke wa petroli hujaa ndani ya injini. Baraka ya baba mdogo ingetuua.

Tulifungua pampu. Kiwambo kilikuwa kimechanika urefu wa ukucha. Tulitia kipya. Tulimwaga oili yote, tukatia mpya na chujio jipya. Oili chafu tuliiweka kwenye debe lenye kifuniko. Hatukuimwaga ardhini, kwa sababu kisima kiko bondeni.

Ikabaki oili. Hapa nilifanya kosa la watu wengi. Niliona oili chini ya sampu, nikanunua gasketi ya sampu. Nilipoteza fedha na siku nzima. Oili ikaendelea kuvuja.

Mzee alinicheka kidogo. Oili huteremka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Unapoiona ikidondoka sipo ilipotokea. Alinifundisha kuosha injini yote kwa mafuta ya taa, ikiwa imepoa, na kuikausha kwa matambara. Kisha tukaipaka unga wa sembe kidogo kwenye maungio. Tukaiwasha, tukangoja, tukaizima. Unga ulilowa juu kabisa, kwenye mfuniko wa tapeti.

Gasketi ya pale ni ya gome laini, kama kizibo cha chupa. Ilikuwa imekauka na kukatika. Mpya niliiloweka kwenye maji ya uvuguvugu ili isipasuke. Mzee alinizuia nisikaze nati kwa nguvu. Ukikaza mno, mfuniko hujikunja na oili hupita pembeni. Vijana wa gereji hupenda kukaza mpaka spana ilie. Hilo si fundi, ni hasira.

Tuliosha pia kofia ya kutilia oili. Ndani yake mna wavu ambao injini hupumulia. Wavu ukiziba, injini hukosa pa kutolea pumzi, ikasukuma oili nje kwenye kila ungio dhaifu.

Bolti ya kumwagia oili ina washa ya shaba. Hiyo hatukununua. Niliitia kwenye mkaa, mbali na gari, mpaka ikawa nyekundu. Nikaiacha ipoe. Shaba ikifanyiwa hivyo hulainika, ikaziba tena.

Chini, kati ya injini na giaboksi, kuna tundu dogo. Oili ilidondoka pale pia. Baba mdogo alichonga kijiti akitaka kuliziba. Mzee alimshika mkono. Tundu hilo limewekwa makusudi. Lina kizibo chake, lakini ni cha kufungia unapovuka mto tu. Ukiliziba siku zote, oili hujaa ndani na kulowesha klachi. Klachi ikilowa huteleza, na gari halipandi mlima.

Oili ile inatoka kwenye sili ya nyuma ya injini. Kuibadilisha ni lazima giaboksi ishushwe. Kazi hiyo inataka watu wanne na fedha. Tumeiahirisha mpaka tuuze mahindi.

Kila usiku naweka kopo la maziwa chini ya tundu hilo. Mwanzoni lilijaa nusu kila asubuhi. Sasa yanapatikana matone machache, hayafuniki hata kitako cha kopo. Naandika kwenye daftari kila Jumamosi.

Miezi mitatu ilipokwisha wazee walikuja. Baba mdogo ndiye aliyewafuata, kwa Land Rover hiyo hiyo.