Sweta ya Mtoto kwa Uzi wa Bei Nafuu

Wakulima wa skimu za Kinangop na Ol Kalou hawahitaji kuelezwa baridi ya Julai. Nchi hii iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na alfajiri nyingine umande huganda ukaunguza majani ya viazi. Kiazi hakivikwi nguo. Mtoto huvikwa, na hapo ndipo mfuko wa mkulima hupata taabu, maana mbegu, mbolea na karo vyadai fedha kabla ya sweta.

Akina mama wengi wajua kufuma. Nawaona hapa kwenye ofisi ya kilimo, wakingoja zamu yao sindano zaenda mbio. Hasara basi haitoki mikononi. Hutoka dukani, mtu anaponunua uzi asioujua, na nyumbani, anapoanza sweta bila kupima.

Tuanze na uzi. Uzi mwingi wa madukani ni akriliki, ambao hutengenezwa kiwandani wala haukutoka kwa kondoo. Sufu halisi hutoka kwa kondoo. Kwa macho vyaweza kufanana, lakini moto hauongopi. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, mbali na watoto, ukiwashe kwa kiberiti. Sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, hupenda kuzimika yenyewe, na jivu lake husagika. Akriliki hushika moto upesi, huyeyuka, na huacha kidonge kigumu cheusi. Usikiguse kabla hakijapoa.

Sisemi akriliki ni mbaya. Ni rahisi kununua, hufulika bila shida, na nondo hawaili. Kwa kijana aendaye shule yafaa sana. Lakini kwa mtoto atambaaye karibu na jiko, au kwa mama apikaye kwenye mafiga matatu, fikiri tena, maana uzi unaoyeyuka hugandamana na ngozi. Tena sufu huweza kunyonya unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kulowa. Katika ukungu wa Kinangop hilo si jambo dogo.

Sasa utauliza, sufu ya bei nafuu iko wapi? Iko kwenye mitumba, nayo mara nyingi imetupwa chini ya rundo kwa sababu ina tundu kiwikoni au imepitwa na mtindo. Sweta kubwa ya mwanamume yaweza kutoa uzi wa sweta mbili za watoto. Lakini kabla hujalipa, igeuze ndani nje utazame mishono ya ubavuni. Ikiwa kila upande ulifumwa peke yake kisha pande zikaunganishwa kwa uzi, inunue. Ikiwa kingo zilikatwa kwa mkasi na kushonwa ovaloki, iache. Hiyo ukiifumua utapata vipande vifupi tu, kimoja kwa kila mstari, na mafundo yake yatakuchosha. Iache pia sweta iliyogandamana kwa kufuliwa na maji moto, maana nyuzi zake zimeshikana wala hazitafumuka.

Ukifika nyumbani, fungua mishono kwanza, kisha anza kufumua kutoka mwisho wa kazi, yaani mara nyingi shingoni au begani. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali panne kwa kamba zilizolegea, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo bila kusugua. Utundike kivulini ukiwa na kitu kizito kidogo chini yake ili ule mkunjo unyooke. Ukikauka, uviringe bila kuuvuta.

Mwenye kondoo wa Corriedale ana sufu yake zizini, na inasikitisha kuona manyoya yakiachwa kuoza. Kijiti na kibao cha mviringo vyatosha kusokotea. Mwendee mzee anayejua, akuonyeshe kwa mkono, kwani kusokota hakufundishiki kwa karatasi.

Sindano nazo zina siri. Wengi hutumia spoki za baiskeli. Ni nzuri, lakini unene wake ni milimita 2 tu. Ukifumia uzi mnene, kitambaa huwa kigumu kama gunia, na joto lenyewe hupungua, kwa kuwa kinachotutia joto ni hewa iliyokaa kati ya nyuzi. Kwa uzi wa kadiri, chonga sindano za mianzi zenye unene wa milimita 4, uzisugue kwa msasa.

Kisha, kabla ya sweta, fuma kipande cha kujaribia kipatacho sentimita 12 kila upande. Najua wengi huona huku ni kupoteza wakati. Chukua kalamu tuhesabu. Kifua cha mtoto wa miaka miwili tuseme ni sentimita 53. Sweta iwe sentimita 60 ili apumue, basi upande wa mbele ni 30. Pima sentimita 10 katikati ya kipande chako, uhesabu vitanzi. Ukipata 18, anza na vitanzi 54. Lakini jirani yako mwenye mkono mlegevu, apataye vitanzi 15, akianza na 54 hizo hizo atapata sentimita 36 mbele na 72 kuzunguka. Hiyo ni sweta ya mtoto mwingine, na uzi umekwisha. Yeye aanze na 45.

Sweta ya umri huo hula gramu 200 hivi. Mabaki yafumie boshori, kwani kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kwa mwili wake na hupoteza joto jingi. Usitie kamba ya kufunga shingoni, yaweza kumnyonga. Kroshia, yaani kufuma kwa sindano moja yenye kikulabu, ni upesi na huunganisha vipande vya kila rangi kuwa blanketi, lakini hula uzi mwingi kuliko sindano mbili. Kwa hiyo itumie kwa mabaki, si kwa uzi ulionunua.

Na mtoto akikohoa, akipumua mbio au kifua kikiingia ndani, sweta si dawa. Mpeleke kliniki siku hiyo hiyo.

Neno la mwisho ni juu ya mikono na pindo, maana mtoto hukua kabla uzi haujachakaa. Fuma mikono kuanzia begani kushuka kwenye kiganja, na mwili kuanzia shingoni kushuka. Mwaka ujao utafungua mstari wa mwisho tu, urudishe vitanzi kwenye sindano, uongeze sentimita 5 za rangi yoyote uliyo nayo.